Kipenga cha Mwalimu: Carey Francis, Maseno na Miaka 100 ya Alliance

Mwaka 1928 mwalimu wa hisabati wa Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge, aliacha kazi. Edward Carey Francis ndiyo kwanza alikuwa amegusa miaka 30. Alizaliwa Hampstead, London, Septemba 1897. Vita Kuu ya Kwanza alishapigana akiwa afisa wa mizinga, masomo ya hisabati alishayamaliza Trinity College kwa ufaulu wa juu, na kitabu cha mazoezi alichokiandika pamoja na John Littlewood, gwiji wa hisabati aliyejulikana dunia nzima, kilitoka mwaka huohuo wa 1928. Angeweza kuzeekea pale kwa raha na heshima. Badala yake akaja Kenya chini ya Church Missionary Society, kuwa mkuu wa shule ya Maseno.

Msomaji wa Nyasubi, Kahama, anaweza kufika Maseno kwa basi. Atoke Kahama, apite Shinyanga na Mwanza, auzunguke upande wa mashariki wa ziwa hadi Musoma, avuke mpaka Sirari, apite Migori na Kisii, ashukie Kisumu, kisha ashike njia ya Busia. Maseno iko juu ya miinuko, palepale mstari wa Ikweta unapokatiza barabara, mahali ambapo nchi ya Waluo inapakana na nchi ya Waluhya. Wamisionari wa Kianglikana waliianzisha shule hiyo mwaka 1906, na shabaha yao ya kwanza ilikuwa watoto wa machifu. Mpira wa miguu ulikuwa umeshaingia Nyanza kabla ya Francis. Yeye aliukuta, akaupenda, na kwa miaka 12 akaufanya kuwa sehemu ya kazi yake ya ualimu: akiucheza, akiufundisha na akiuchezesha kwa kipenga chake mwenyewe.

Historia za mpira wa Afrika Mashariki huwa zinaanzia kwenye klabu: Yanga na Simba, Gor Mahia na Leopards. Ukizifuata nyuma zaidi unafika shuleni. Kule Unguja, Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA na ambacho wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa utumwani, kilikuwa kinacheza kandanda kabla karne ya 19 haijaisha. Vijana wake waliporudi bara kuwa walimu na makasisi, waliufungasha mpira pamoja na vitabu. Kazi ya Kiungani baadaye ilihamia Minaki, Kisarawe, na wazee wa Pwani bado wanaitaja Minaki kwa fahari. Magharibi mwa Tanganyika, serikali ya kikoloni ilifungua shule yake Tabora mwaka 1925, na huko ndiko vijana wengi wa Unyamwezini na Usukumani walikoanza kupangiwa saa ya michezo kama walivyopangiwa saa ya hesabu. Mpira wetu ulitoka mikononi mwa walimu, na katika walimu wote hao ni wachache waliouchukulia kwa uzito kama Francis.

Inafaa kuutazama mpira wenyewe wa siku zile, maana ndio uliokuwa kitabu cha darasa la jioni. Ulikuwa wa ngozi, vipande vilivyoshonwa kwa uzi, na upande mmoja una mpasuko. Ndani ya mpasuko unatumbukizwa mpira mwembamba unaojazwa upepo, shingo yake inakunjwa na kufungwa, halafu mpasuko unabanwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Kamba hiyo ilikuwa inatuna. Mchezaji aliyepiga kichwa vibaya alitoka na alama kwenye paji la uso. Mvua ikinyesha, na Maseno mvua hainyeshi kwa kubahatisha, ngozi inakunywa maji na mpira unakuwa mzito kiasi kwamba shuti refu linaishia katikati ya uwanja. Na wachezaji wako peku. Siku hizo karibu Waafrika wote walicheza bila viatu, shuleni, kwenye timu za mitaani, hata kwenye mechi za koloni kwa koloni.

Mtu mwenye mguu mtupu na mpira wa namna hiyo anajifunza haraka kwamba kubutua hakulipi. Pasi fupi ya chini inalipa, na mguu usio na kiatu unauhisi mpira vizuri kuliko buti. Sheria nazo zilikuwa zimebadilika karibuni. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli asihesabiwe kuotea; mwaka huo wakapunguzwa kuwa wawili, na mchezo ukafunguka. Timu zilipangwa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Huko London Herbert Chapman wa Arsenal alikuwa anaanza kuupangua mpango huo kwa kumrudisha kiungo wa kati nyuma awe beki wa tatu. Francis aliondoka Uingereza katikati ya mageuzi hayo.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa leo husahau. Hapakuwa na mchezaji wa akiba. Ukianza na 11, unamaliza nao. Akivunjika mmoja, mnabaki 10. Wala kocha hakuwa na eneo lake pembeni mwa uwanja la kusimama na kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa imekwisha kabla refa hajapuliza. Kila alichotaka wachezaji wakijue alipaswa awe amekifundisha kati ya Jumatatu na Ijumaa, na Jumamosi akae aone kama wamemwelewa. Ndiyo maana ukocha wa wakati ule ulimfaa mwalimu kuliko mtu mwingine yeyote.

Francis alifundisha mambo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa kucheza kwa pamoja: mpira utembee, mtu asijione yeye ndiye timu. Shule yenye vijana wa makabila tofauti ilihitaji hilo kuliko ilivyohitaji kikombe, na wavulana wa Kiluo na wa Kiluhya waliovaa jezi moja Maseno walikuwa wanajifunza kuhesabu wenzao kwa namba za uwanjani. La pili lilikuwa nidhamu mbele ya kipenga. Refa akikosea, amekosea, mchezo unaendelea. Kwa vijana wa leo waliokulia kwenye marudio ya video hilo linaweza kuonekana ni unyonge. Yeye aliliona ndilo jambo gumu kuliko yote kumfundisha kijana, na hakulilegezea kamba hata siku moja. Mwenyewe alikuwa mkali, mchapakazi, hakuoa, alivaa kaptura na kuishi maisha ya kawaida sana kwa mtu wa daraja lake, na muda wake wote aliwapa wanafunzi.

Wakati huohuo ng'ambo ya Atlantiki palikuwa na mtu wa aina yake, ingawa mpira wake ulikuwa ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. Amos Alonzo Stagg aliingia Yale akikusudia uchungaji, akaamua kwamba mahubiri yake angeyatoa uwanjani, na kuanzia 1892 hadi 1932 alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Chicago. Lakini Stagg aliajiriwa kwa ukocha; mpira wa vyuo Marekani ulikuwa umeshageuka biashara ya viwanja vikubwa na viingilio. Hapa kwetu kocha wa shule hakuwahi kulipwa kwa ukocha. Alilipwa kufundisha Hisabati au Kiingereza, na jioni alitoka na mpira kwapani kwa mapenzi yake. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu mpira wa Afrika Mashariki, mazuri na mapungufu yake.

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Kikuyu, kilomita chache kutoka Nairobi, kuwa mkuu wa Alliance High School. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926, mwaka uleule timu za Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage, kombe ambalo Tanganyika iliingia 1945 na Zanzibar 1949. Jina la Alliance lilitokana na umoja wa makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana kuijenga. Mkuu wake wa kwanza, G. A. Grieve, Mskoti, alikuwa ameiongoza kwa miaka 14. Ilikuwa shule ya sekondari ya kwanza kwa Waafrika wa Kenya, na wanafunzi wake wa kwanza wangeweza kuketi wote katika chumba kimoja cha darasa.

Miaka 100 ya Alliance ilitimia Machi 2026, na orodha ya majina inayosomwa kwenye sherehe za namna hiyo inajulikana. Yumo Mbiyu Koinange. Yumo Eliud Mathu, mwanafunzi kisha mwalimu wa hapohapo, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1944. Wamo James Gichuru, Ronald Ngala wa Pwani, Jeremiah Nyagah, Gikonyo Kiano. Jaramogi Oginga Odinga alipita Maseno na Alliance zote mbili, akasomea ualimu Makerere na kurudi Maseno kufundisha. Bethwell Ogot, mwanahistoria, alisoma Maseno na baadaye akafundisha hisabati Alliance chini ya Francis. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mawaziri wengi wa serikali yake ya kwanza walikuwa wamesoma Alliance. Orodha ya wachezaji wa timu ya kwanza ya shule katika kila mwaka wa miaka hiyo ingekuwa karibu na thamani hiyohiyo kwa mwanahistoria, maana ni kijana yuleyule aliyekuwa beki wa kushoto leo na karani wa wilaya au mwalimu mkuu kesho, akianzisha timu kila alikopelekwa.

Mashindano yalikuwa na uzito ambao mpira wa shule haujapata kuwa nao tena. Kenya ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi, shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Katika miaka ya 1950 Alliance ilikutana michezoni na shule za Wazungu kama Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Mahali pengine popote mvulana wa Kiafrika na mvulana wa kilowezi wasingekutana wakiwa sawasawa, idadi sawa, sheria moja, refa mmoja. Uwanjani ilikuwa hivyo kwa dakika zote za mchezo. Kijana wa Alliance aliyemnyang'anya mpira mwana wa mlowezi, kisha akampa mkono baada ya mechi, alirudi bwenini na kitu ambacho somo la uraia lisingeweza kumpa.

Hapo ndipo Francis anakuwa mtu mgumu kumhukumu, na historia ya taasisi isiyokwepa inapaswa kuusema ukweli wote. Aliamini kwa dhati kwamba wanafunzi wake walikuwa na akili sawa na za wanafunzi aliowaacha Cambridge. Pia aliamini kwamba Waingereza walikuwa na haki ya kuamua lini vijana hao watakuwa tayari kujitawala. Siasa za uhuru alizitazama kwa mashaka. Utii aliouhubiri kwa refa ulikuwa na binamu yake nje ya uwanja, yaani utii kwa serikali ya kikoloni, na wapo wanafunzi waliouona uhusiano huo wakiwa bado madarasani.

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu iliyowaka moto. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia shuleni hapo mwaka 1955. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kwenye kijiji kipya cha serikali. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2012, Ngũgĩ alieleza maisha yake Alliance na kumpa Francis nafasi kubwa: mwalimu aliyemlinda na kumfinyanga, na mtu wa dola iliyobomoa kijiji chao, wote katika mwili mmoja. Francis hakuwapenda Mau Mau. Lakini hakunyamazia ukatili wa vyombo vya dola pia, na mwaka 1955 makala yake kuhusu matatizo ya Kenya kama yanavyoonwa na mwalimu aishiye Ukikuyuni ilichapishwa katika jarida la African Affairs huko London. Katika miaka hiyo ya msako na vizuizi, saa ya michezo iliendelea kupigwa kengele kila jioni.

Turudi nyumbani. Ukanda wetu wa Shinyanga na Geita ulipata mpira wake kwa njia mbili, shule na migodi, na tuanze na ya pili, ya migodi. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, mwaka uleule Francis alipohamia Alliance, na kambi ya mgodi ikazaa uwanja na timu. Vizazi baadaye Mwadui walipanda Ligi Kuu mwaka 2015 chini ya Jamhuri Kihwelo, anayejulikana kama Julio, wa Simba ya zamani. Stand United, timu iliyochukua jina la stendi ya mabasi ya Shinyanga mjini, ilikuwa imewatangulia mwaka 2014. Geita Gold walipanda 2021, na msimu wao wa kwanza tu mshambuliaji wao George Mpole akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Haya yameandikwa magazetini na yatabaki.

Njia ya kwanza, ya shule, haijaandikwa. Uende Nyasubi saa kumi na moja jioni, uwanja wowote wa shule, utaikuta inatembea: vumbi jekundu, magoli ya miti, watoto wanaotoka kwenye chandimu kuingia kwenye mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na mwalimu wa Jiografia au Biolojia mwenye kipenga shingoni anayepanga winga kwa kuchora ardhini kwa kijiti. Mchezaji wa ndondo anayelipwa leo kwenye machimbo ya Kakola au Nyarugusu mara nyingi alirekebishwa mguu na mwalimu kama huyo. Shule ikitimiza miaka 30 au 50 inatoa kijitabu chenye picha za wakuu wa shule na idadi ya waliofaulu. Mwalimu wa michezo hayumo. Maseno na Alliance zilibahatika: mkuu wa shule na kocha walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo waliomwandika mkuu wakamwandika na kocha. Shule za Kahama zitalazimika kuwatafuta zenyewe walimu wao wa michezo, wakiwa bado hai, kwenye vyumba vya walimu na kwenye vijiji walikostaafia, na kuwauliza nani alicheza namba gani mwaka gani.

Kule Kenya, mpira wa pande zile za Maseno ulizidi kukua bila Francis. Kutoka kwa Waluhya ikaibuka mwaka 1964 klabu ya Abaluhya, ambayo baadaye ikawa AFC Leopards. Kutoka kwa Waluo ikazaliwa Gor Mahia, Februari 1968. Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, na hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Haitakuwa kweli kusema kwamba mwalimu mmoja wa hisabati ndiye aliyeyaleta hayo. Wapo wafanyakazi wa reli, askari, makarani na vyama vya kikabila mijini. Ila makarani na viongozi wa vyama hivyo walikuwa wamesoma mahali fulani, na kwa Nyanza mahali hapo mara nyingi palikuwa Maseno.

Mwaka 1962 Francis alistaafu Alliance baada ya miaka 22, akimwachia shule L. J. Campbell. Alikuwa na umri wa kurudi Uingereza, na marafiki wa kumpokea. Hakurudi. Stagg naye, alipolazimishwa kustaafu Chicago akiwa na miaka 70, alikataa kukaa nyumbani, akaenda kufundisha kwenye chuo kidogo California. Francis alihamia upande wa pili wa Nairobi, kwenye shule ya sekondari ya Pumwani, jirani na Eastleigh, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Wanafunzi hawakuwa wale waliochujwa nchi nzima kwa mtihani. Walikuwa watoto wa mitaa ya vibanda vya wafanyakazi na wachuuzi. Aliwafundisha hisabati ileile.

Alifariki Nairobi tarehe 27 Julai 1966, bado akiwa mwalimu wa Pumwani. Kenya ilikuwa imegawanyika. Miezi mitatu kabla, Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kuunda chama cha upinzani, na waliokuwa wanafunzi wa Maseno na Alliance walikuwa wamekaa pande zote mbili za Bunge. Mwili wake ulirudishwa Kikuyu, ukazikwa katika ardhi ya Alliance.